Yupo, Hayupo, Ruhusa

Jumatatu aliyorudi kazini, Mwalimu Rula hakupitia kwa mwalimu mkuu kusaini, wala hakukaa kwenye kiti chake cha pembeni ya kabati. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kompyuta, akasimama mbele ya meza yake na begi bado begani, akasema, "Naomba unifundishe hicho kidude chenu."

Walimu waliokuwa chumbani walikuwa wamejiandaa kumpa pole, na mmoja alikwisha kusimama na leso mkononi. Kwa hilo la kidude hakuna aliyekuwa amejiandaa.

Tangu muhula uanze, kila mwalimu alipopewa kishikwambi cha kuitia mahudhurio, Rula cha kwake alikitupa kwenye droo chini ya dasta, nailoni yake haijatoka. Kwenye semina ya siku mbili alikaa nyuma akisahihisha madaftari. Walipomwambia mfumo utarahisisha kazi, aliuliza kazi ya nani. Walipomwambia mahudhurio yatafika makao makuu kwa kufumba na kufumbua, aliuliza kama huko makao makuu kuna mtu anayeyasubiri kwa hamu kiasi hicho. Walimu walicheka, mtoa semina akanywa maji. Si kwamba Rula alikuwa mtu wa kuogopa vitu vipya. Alikuwa na rejista yake tu, ndefu, ya jalada gumu la bluu, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuweka alama moja nje ya kisanduku. Kila mstari aliupiga kwa rula, hata ule wa chini ya tarehe. Jina walimpa wanafunzi, na wanafunzi wakishakupa jina huna pa kukata rufaa.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa binti wa mwaka wa pili kazini. Wote walimwita Chaja, maana haikupita siku bila mtu kumwomba.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akiinuka. "Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa. Kinawashiwa wapi?"

Aliyekufa alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, wa miaka kumi na miwili. Homa ilimshika Jumapili, Jumanne ikapanda kichwani, Alhamisi wazazi wakarudi nyumbani wawili. Mtaani kote walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyoongea tangu anaamka mpaka usingizi unamkatia sentensi katikati. Shuleni alikuwa namba ishirini na tatu darasa la sita, darasa la baba yake mwenyewe, maana la sita lilikuwa moja tu na hapakuwa na pa kumpeleka. Rula aliwaita wanafunzi kwa namba, na sheria ilikuwa moja kwa wote: ukiitwa, unajibu "Nipo, mwalimu." Chiriku naye alijibu hivyo hivyo, hakuna cha baba. Kisasi alikilipa nyumbani, akisimama mlangoni na mikono nyuma: "Mwalimu, chakula tayari, mwalimu."

Rula hakulia. Hospitali hakulia, makaburini hakulia, na wiki mbili za watu kuingia na kutoka alizimaliza akipanga viti. Wengine walimsifu kwamba amejikaza kisabuni. Wangejua. Hakuwa anakaza chochote. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, akawa anangoja ile michomo ya damu inaporudi, na haikurudi.

Kilichompeleka kwa Chaja hakumwambia mtu. Asubuhi ile alifika kabla ya wenzake, akapitia kwanza darasani kwake, akafungua rejista. Wiki zile mbili makamu wa mwalimu mkuu alikuwa amemshikia darasa na alijaza vizuri, isipokuwa mstari wa ishirini na tatu, ambao visanduku vyake vyote viliachwa wazi. Si kwamba alisahau. Mwanafunzi akiondoka shuleni kwa sababu yoyote, anayelifunga jina lake ni mwalimu wa darasa kwa mkono wake mwenyewe: mstari mmoja wa wino mwekundu juu ya jina, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa ukurasa, kisha tarehe, kisha neno moja la sababu. Amehama. Ameacha. Rula alikwisha kupiga mistari mingi ya namna hiyo, na minne kati yake ilikuwa na lile neno jingine. Hakuna mwalimu anayempigia mwenzake mstari. Kwa hiyo makamu alimwachia mwenyewe.

Aliweka rula juu ya jina. Akafungua kalamu nyekundu. Alikaa hivyo kitambo, kisha akaifunga, akairudisha rejista kwenye droo, na mkono ulipokuwa humo ndani ukagusa nailoni.

Kidude hakikumsumbua alivyodhani. Chaja alimwonyesha mara mbili, akaelewa. Jina, picha, na vitufe vitatu. Yupo, kijani. Hayupo, nyekundu. Ruhusa, njano. Ukimaliza wote unabonyeza Tuma.

"Mmoja akibaki hakitumi," alisema Chaja. "Kwa hiyo usimruke mtu."

Darasani alikwenda jina kwa jina. Namba hazikuwepo, mfumo uliwapanga kwa herufi. Picha walipigwa mwanzoni mwa muhula kwenye ukuta wa stoo, na wengi walikuwa wamekaza nyuso kana kwamba wameitwa polisi. Chiriku alikuwa amefumba jicho moja. Huenda ni jua, huenda ni makusudi, kwake yeye yote yaliwezekana.

Rula aliangalia vitufe vitatu. Maisha yake yote aliandika kile kilichokuwepo mbele ya macho yake. Akabonyeza Hayupo, akamaliza waliobaki, akatuma. Wala hakusikia kitu moyoni.

Saa kumi alasiri alifika nyumbani. Mkewe alikuwa fundi cherehani, nusu ya sare za shule ile zilipita mikononi mwake. Tangu mazishi cherehani ilikuwa imefunikwa shuka na vitambaa vya watu vimekunjwa vikingoja. Kwa miaka kumi na miwili wawili hawa waliitana Baba Chiriku na Mama Chiriku, hata majirani wengi hawakujua majina mengine. Sasa mke hakumwita chochote. Akitaka kusema naye alingoja awe karibu, ndipo anaanza.

Alingoja avue viatu.

"Nimeletewa meseji," alisema. Akaisoma taratibu, kwa sauti anayosomea vipimo vya wateja. "Mzazi mpendwa. Mwanao hakufika shuleni leo. Tafadhali wasiliana na mwalimu wa darasa."

Rula alibaki ameshika kiatu.

"Mwalimu wa darasa si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nimewasiliana."

"Ni mfumo ule," alisema Rula. "Unatuma wenyewe."

"Na aliyebonyeza?"

Mke alitia simu kwenye mfuko wa gauni. Simu ile hakuiweka chini tena siku hizi, humo ndani mlikuwa na sauti za Chiriku, sekunde arobaini za kuomba penseli, dakika mbili za kusimulia ugomvi wa watu wengine. Akaingia chumba cha mtoto, akafunga mlango, akatoka kesho yake. Rula alikula amesimama. Hakuumia hata wakati huo, na kutokuumia kwenyewe kulimtisha. Lakini jambo moja alilijua wazi. Walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao alikuwa nyuma ya mlango. Meseji nyingine ya namna ile isiingie kwenye simu ile, la sivyo hajui kama mlango utafunguliwa tena.

Kesho yake ilikuwa tarehe mosi. Alipofika kwenye jicho lililofumbwa, alibonyeza Yupo.

Siku ya pili ikawa rahisi zaidi, na ya tano haikuhitaji hata kufikiri. Simu ya mkewe ilikaa kimya. Shuleni Rula akawa gumzo. Aliyekuwa mpinzani mkuu sasa ndiye wa kwanza kutuma mahudhurio kila asubuhi, na baada ya mahudhurio akajifunza projekta, akawa anawapeleka wanafunzi mtoni bila kutoka darasani, wakiona ukutani jinsi maji yanavyokata kona na kumega ukingo. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya shule nzima. "Muigeni Mwalimu Rula. Umri si kisingizio." Watu huwa wepesi kusifu kitu wasichokijua. Rula alisikiliza mikono nyuma, hana hili wala lile, na alipopigiwa makofi alitikisa kichwa kwa adabu tu.

Wiki ya pili, Jumatano, alisahau waya. Jioni ya jana yake aliandaa picha za maporomoko, akakiunganisha kishikwambi na projekta mapema asubuhi, kisha akafungua mahudhurio bila kuchomoa. Alikuwa amefika katikati ya orodha alipoona darasa limenyamaza vibaya. Watoto arobaini na saba walikuwa wakitazama juu ya kichwa chake. Akageuka. Chiriku alikuwa ukutani, mrefu kuliko mlango, amefumba jicho, na pembeni yake kitufe cha kijani alichokuwa ametoka kukibonyeza.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Rula akaenda kwenye jina lililofuata, akaendelea mpaka mwisho, na ukuta ukaonyesha yote.

Siku hiyo hakuna mtoto aliyepeleka habari popote, na hilo kwa darasa la sita si jambo dogo. Ila kesho yake msichana aliyekaa dawati moja na Chiriku, ambaye kwa mwezi mzima alitandaza vitabu vyake dawati zima, alivivuta vyote upande wake. Nusu ya pili akaiacha tupu, ameipangusa kabisa. Rula aliona. Alisimama pale na chaki ambayo hakuihitaji tena, akajipekua moyoni kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, akakosa.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tano, walimu wengine wakiwa wameshatoka, Chaja alimfuata darasani, akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mwalimu, nimeona muhtasari wa mwezi. Darasa lako lina watatu wa asilimia mia." Akasita. "Watatu, mwalimu."

"Najua."

"Jumatano saa nne mfumo utawatumia wazazi wa hao watatu pongezi. Siwezi kuuzuia. Unatoka huko juu."

Rula akaanza kuuliza moja baada ya jingine, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha. Akibonyeza Hayupo Jumatatu? Meseji itakwenda siku hiyo hiyo. Ruhusa? Mzazi ataombwa alete barua. Kubadilisha namba ya simu ya mzazi? Namba ya zamani inaulizwa kwanza kama imekubali.

"Na kumwondoa?"

"Inawezekana," alisema Chaja, sasa kwa sauti ndogo. "Unachagua sababu, unaingiza namba ya cheti. Halafu zinakwenda tarakimu sita kwenye simu ya mzazi. Anakutajia, unaziingiza ndani ya dakika moja."

Njia zote zilipita kwenye mfuko wa gauni la mkewe. Aliyeunda mfumo ule, popote alipo, aliwafikiria watoro, akawafikiria walimu wavivu, akawafikiria na wadanganyifu. Mwalimu ambaye pia ni baba hakumpitia akilini.

"Mwalimu mkuu akiona atasema ni mwanafunzi hewa," alisema Chaja. "Mimi sitamwambia. Lakini..."

"Usiseme uongo kwa ajili yangu, binti yangu. Wangu unatosha."

Alitia kishikwambi kwenye begi. Kisha akafungua droo akatia na rejista, na rula, na kalamu nyekundu. Kwa nini, hakujiuliza. Miaka yote mwisho wa mwezi alikwenda nayo nyumbani.

Jumamosi asubuhi mkewe alikuwa mezani sebuleni, mlango wa mbele umefunguliwa mwanga uingie. Shuka la cherehani lilikuwa limetolewa. Mbele yake palikuwa na sketi ya shule, na alikuwa anafumua pindo kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Rula alivuta kiti upande wa pili.

"Kuna kitu nimekosea," alisema.

Mke aliendelea kufumua.

"Nikiita mahudhurio, kila siku, naandika yupo."

Wembe ukasimama. "Nani?"

"Mwanetu."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akamweleza yote kinagaubaga: ile meseji ya kwanza, vitufe vitatu, ukuta, pongezi za Jumatano. Alieleza bila kupanda wala kushuka, kama anasoma ratiba. Alipomaliza, aliangalia mlango wa chumba cha mtoto, akangoja mkewe ainuke.

Mkewe hakuinuka. "Anakaa wapi?" aliuliza.

"Palepale. Safu ya pili, dirishani."

"Na mwenzake?"

"Amemwachia nafasi."

Mke alikaa akiigeuzageuza sketi. "Hii ni yake," alisema. "Nimeshaishusha pindo mara tatu. Nashona, nafumua. Kila nikiiangalia naona itakuwa imemfupia." Akaweka wembe pembeni. Akatoa simu mfukoni, akailaza juu ya meza, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Haya. Omba hizo tarakimu."

Rula aliwasha kishikwambi. Namba ya cheti aliiingiza kwa kidole kimoja, akiangalia karatasi, akiangalia kioo. Sababu zilikuwa nne kwenye orodha, akateremka mpaka ya mwisho. Akabonyeza, na simu ikalia mezani.

"Nne," alisoma mkewe. "Sifuri. Saba. Saba. Mbili."

Akanyamaza. Ya sita aliiona, macho yake yalikuwa juu yake, lakini mdomo haukufunguka. Kidole cha Rula kilibaki hewani. Kwenye kona ya kioo sekunde zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma, na hakuna hata mmoja aliyemharakisha mwenzake. Zikafika sifuri. Muda umekwisha, kiliandika kishikwambi, na chini yake kikauliza kama anataka kuomba upya.

Walikaa. Nje mtu alipita akikokota mkokoteni, wakamsikiliza mpaka akaishia.

"Omba tena," alisema mkewe.

Safari hii alizitaja zote sita kwa pumzi moja, kama vipimo vya kiuno na kifua. Rula akaziingiza. Akatuma. Jina likatoka, na majina yaliyokuwa chini yake yakapanda hatua moja, nafasi ikajifunga. Juu ya kioo arobaini na nane ikawa arobaini na saba. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mke alikuwa ameinama, anaangalia orodha. "Iko wapi?"

"Nini?"

"Alama. Ya kwamba alikuwepo."

Rula aliipandisha orodha, akaishusha, akaipandisha tena. "Hakuna."

Akavuta begi. Akatoa rejista ya bluu, akaifungua kwenye ukurasa wenyewe, akailaza juu ya sketi. Ishirini na tatu. Akaweka rula juu ya jina. Mkewe, bila kuambiwa, alibana upande wa pili kwa vidole viwili, kama anavyobana kitambaa kisiteleze anapokikata. Rula akafungua kalamu, akaanza.

Juu ya jina kalamu ilikwenda vizuri. Ilipofika kwenye visanduku, pale palipokuwa na alama ndogondogo za Januari na Februari, zote alizozitia yeye, kila moja baada ya ile "Nipo, mwalimu," michomo ikarudi. Ilirudi yote kwa pamoja, kifuani, kooni, machoni. Mkono uliruka nje ya rula, wino ukashuka mpaka mstari wa ishirini na nne, ukapanda tena, ukafika mwisho wa ukurasa kwa shida. Ulikuwa mstari wake wa kwanza kupinda katika miaka ishirini na sita.

"Nimeuharibu," alisema. Alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima, juu ya karatasi ya serikali, na alikuwa anatafuta wembe mezani aukwangue. "Nimemharibia. Ngoja niufute, niupige upya."

Mkewe, ambaye kwa mshono mmoja uliokwenda upande hufumua gauni zima, aliutazama ule mstari toka mwanzo hadi mwisho. Akauweka wembe mbali naye. Akamtoa kalamu mkononi, akaifunga.

"Uache hivyo hivyo, Baba Chiriku."